Urafiki Mbele ya Soko la Bahati: Filamu ya White Shadow katika Darasa la Maganzo

Sinema ni chombo cha kueneza fikra, na kila chombo cha namna hiyo kina mwenyewe na kina shabaha. Kada anayetazama sinema kwa kujiburudisha tu, bila kujiuliza imetengenezwa na nani, kwa fedha za nani, na inamtaka mtazamaji aelekee wapi, ametimiza nusu tu ya wajibu wake. Lakini yupo pia kada wa aina ya pili, ambaye akisikia tu kwamba filamu imetengenezwa na mgeni huikataa kabla hajaiona. Huyu hajatimiza hata hiyo nusu.

Nimelazimika kuanza na maneno haya kwa sababu ya mjadala mkali uliozuka hapa Maganzo, wilayani Kishapu, baada ya darasa letu la itikadi kutazama filamu iitwayo White Shadow, yaani Kivuli Cheupe. Filamu hiyo iliongozwa na Noaz Deshe na ilitoka mwaka 2013. Ni filamu huru, maana haikutoka katika makampuni makubwa ya Hollywood, ingawa mcheza sinema wa huko, Ryan Gosling, ni mmoja wa waliosimamia utayarishaji wake. Ni kazi ya ushirikiano wa Italia, Ujerumani na Tanzania. Ilipigwa hapa nchini na wahusika wake wanazungumza Kiswahili. Mwaka huohuo wa 2013, katika tamasha la filamu la Venice, ilipata tuzo inayotolewa kwa filamu ya kwanza ya mwongozaji.

Hadithi yake kwa ufupi ni hii. Alias, kijana mwenye ualbino anayechezwa na Hamisi Bazili, anashuhudia baba yake akiuawa na wawindaji wa viungo vya binadamu. Mama yake anamtorosha kwenda mjini kwa mjomba wake, Kosmos, dereva wa lori mwenye vibiashara kadhaa ambavyo havimwendei vizuri. (Kosmos anachezwa na James Gayo, ambaye wasomaji wa magazeti wanamfahamu kwa katuni za Kingo.) Mjini Alias anajifunza haraka kuuza miwani ya jua, kanda za DVD na simu za mkononi. Anampenda Antoinette, binti wa mjomba, jambo ambalo mjomba hapendezwi nalo. Anaye pia rafiki, Salum, mtoto mwenye ualbino kama yeye. Polepole mji unaonyesha sura ileile ya porini alikotoka. Mwisho wake sitausimulia, kwa faida ya msomaji ambaye hajaiona.

Mara baada ya filamu kwisha, katibu mmoja wa tawi, mtu ninayemheshimu kwa kazi yake, alisimama wa kwanza. "Ndugu Mkufunzi," alisema, "hawa watu wamekuja kutuchafulia nchi. Kwao hakuna mauaji?" Wengi walimpigia makofi.

Hoja ya katibu si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba mgeni mwenye kamera amezoea kuja Afrika kutafuta kile kinachotisha, na akishakipata hurudi nacho kwao kama mwindaji na nyara yake. Lakini lazima tuwe wakweli. Mwaka 2008 alikuwa mwandishi wa Kitanzania, Ndugu Vicky Ntetema, wakati huo akifanya kazi na BBC, aliyejifanya mteja na kuingia kwa waganga wa Kanda ya Ziwa hadi akatajiwa biashara yenyewe. Januari 2009 alikuwa Waziri Mkuu wetu, Ndugu Mizengo Pinda, aliyezifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba 2009 ilikuwa mahakama yetu, iliyoketi Kahama, iliyowahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 katika wilaya ya Bukombe, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa huu wa Shinyanga. Februari 2015 mtoto mchanga aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato. Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya zamani: mwezi Mei 2024 mtoto mdogo alitekwa nyumbani kwao wilayani Muleba, na mwezi Juni akapatikana amekufa, amekatwa viungo. Hakuna hata moja kati ya haya lililotungwa na mwongozaji wa Ulaya. Nchi ilichafuliwa na panga kabla kamera haijafika.

Kwa hiyo swali la kujadili si kama filamu imetuaibisha. Swali ni kama imesema kweli yote, au nusu yake.

Tuanze na kile ilichofanya vizuri, maana ni kikubwa.

Katika hadithi zetu nyingi, za redio, za magazetini na hata za filamu zinazouzwa mitaani, mtu mwenye ulemavu ana kazi mbili tu. Ama anaomba, ili tajiri aonekane mwema kwa kumpa. Ama anapona mwishoni kwa muujiza, ili mtazamaji aende kulala bila wasiwasi. Katika hali zote mbili hana rafiki. Ana wafadhili, ana wauguzi, ana watu wanaomsikitikia, lakini hana mtu wa kugombana naye leo na kucheka naye kesho. Hata lugha yetu ilimpanga pembeni. Tulisema kipofu, kiziwi, kilema, kiwete, tukamweka binadamu katika ngeli ya vitu, kiti na kikombe. Mwenye ualbino tulimwita zeruzeru, jina lenye maana ya kitu kisichokuwa mtu kamili. Na katika miaka hii ya mauaji, huku kwetu Kanda ya Ziwa, yamekuwapo matusi mengine mabaya zaidi: mtoto akipita njiani, wenzake humwita "dili". Msomaji atafakari neno hilo. Katika herufi nne limeingia somo zima la uchumi wa kibepari, yaani mtu kugeuzwa bidhaa akiwa bado anatembea.

White Shadow inaikataa kazi hiyo ya kuomba na kupona. Alias na Salum ni marafiki kwa namna watoto wote walivyo marafiki, kwa utani, kwa kutegana, kwa siri ambazo watu wazima hawaambiwi. Hakuna anayesimama kutoa hotuba kuhusu haki za walemavu. Hakuna mtu mzima mwenye moyo mzuri anayewekwa katikati ili sisi tusio na ualbino tujitambue ndani yake na kujisifu. Urafiki wao haukuletwa kwenye filamu ili kutufundisha sisi lolote. Upo kwa sababu wao wanauhitaji. Mwananchi anaweza kutazama filamu kumi zenye nia njema na asilione jambo hili hata mara moja.

Halafu kuna ile miwani. Jicho la mtu mwenye ualbino halina rangi ya kutosha ya kulikinga na mwanga. Jua la adhuhuri kwake ni adhabu, na kuona mbali ni shida. Mwongozaji amemchukua mtu anayehitaji kivuli kuliko wote sokoni, akamtwika miwani ya jua ya kuwauzia wapita njia ambao wanaivaa kwa mapambo. Sijui darasa lenye kurasa mia la uchumi wa siasa ambalo lingeeleza vizuri zaidi habari ya mzalishaji asiyefaidi kile anachokibeba.

Wanadarasa kadhaa walilalamika kwamba picha inatikisika, inakosa umakini, mwanga unawaka kupita kiasi hadi sura hazionekani. "Mpiga picha alikuwa amelewa," mmoja alisema, na tukacheka. Nami mwanzoni niliona hivyo. Baada ya kuitazama mara ya pili nimebadili mawazo, ingawa simsemei mwongozaji. Macho ya wengi wenye ualbino huchezacheza yenyewe, na hawaoni kingo za vitu kama tunavyoziona sisi. Sisi tulikaa karibu saa mbili tukisumbuliwa na picha hafifu, tukakereka, tukafikicha macho. Kuna watu katika kata hii ambao ubao wa darasani kwao umekuwa hivyo tangu darasa la kwanza, nasi tukaandika katika ripoti zao kwamba ni wazito wa kuelewa.

Jambo la tatu ni ule mwanzo. Katika vijiji vyetu kuna imani ya zamani kwamba mtu mwenye ualbino hafi, bali hutoweka. Wengi huisimulia kama hadithi ya ajabu isiyo na madhara. Haina madhara? Mtu anayetoweka hahitaji kaburi, hahitaji shahidi, wala polisi hawana wa kumtafuta. Ni imani iliyomwandalia muuaji njia ya kutokea nyuma ya nyumba miaka mingi kabla ya muuaji huyo kuzaliwa. White Shadow inaanza kwa kumweka mtoto mahali anapoona kwa macho yake kwamba baba yake hakutoweka. Aliuawa, na wapo waliomuua. Katika Usukuma, ambako vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia samadi, ushahidi wa namna hii si jambo dogo.

Hapo nitaingiza jambo langu mwenyewe, kwa kuwa kada asiyejikosoa hana haki ya kukosoa filamu ya mtu.

Miaka kadhaa iliyopita niliandaa semina ya vijana. Nilimwalika kijana mmoja mwenye ualbino azungumze juu ya usalama wao. Nilijivunia mpango huo. Nilimpangia kiti cha mbele kabisa, juu ya jukwaa, pamoja na viongozi, ili watu wote wamwone. Turubai lilifunika nusu ya jukwaa tu, na ilikuwa saa saba mchana. Kijana alikaa dakika chache, akainuka, akachukua kiti chake na kwenda kukaa chini ya mwarobaini nyuma ya wote. Nilikasirika. Niliona amekataa heshima. Nilimtuma mtu amrudishe, naye akarudi bila neno, akazungumza, akapigiwa makofi, akaondoka shingo ikiwa nyekundu. Hakuna mtu katika mkutano ule, nami nikiwa wa kwanza, aliyekuwa rafiki yake wa kutosha kujua kwamba jua lile linamuumiza. Wote tulikuwa tunamhurumia. Saratani ya ngozi imewaua wengi wa watu hawa kuliko panga lilivyowaua, na jua haliwekwi katika orodha ya washitakiwa.

Nilipomwomba radhi, baada ya muda mrefu, alisema alikuwa amesahau. Sikuamini kwamba alikuwa amesahau.

Naeleza haya kwa sababu Chama kimerithi imani iliyo wazi juu ya usawa wa binadamu na heshima ya utu wa kila mtu. Mwaka 1962 Mwalimu alieleza kwamba ujamaa wa Kiafrika ulisimama juu ya jamaa, na katika jamaa hakuna aliyeachwa akae na njaa kwa sababu ya udhaifu wake. Lakini kumlisha mtu si lazima uwe ndugu yake. Tumeifasiri imani hii kwa vitendo vya kugawa: kofia siku ya maadhimisho, mafuta ya ngozi mbele ya wapiga picha, kiti cha magurudumu chenye jina la mfadhili mgongoni. Vitu hivyo vinahitajika, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatutaka tufanye zaidi ya hapo. Ila mtu anaweza kupokea vyote na bado asiwe na mwenzake wa kumsomea ubao.

Mfano mgumu kabisa uko karibu nasi, Buhangija, mjini Shinyanga. Mauaji yalipozidi, mamia ya watoto wenye ualbino walikusanywa katika shule na kituo kile ili wasiuawe. Uamuzi ule uliokoa maisha, na yeyote anayeubeza hajawahi kulinda mtoto usiku. Hata hivyo ukuta unaomzuia muuaji unamzuia pia mtoto wa jirani. Mtoto aliyeingia akiwa na miaka minne na kukaa muongo mzima amekua hana hata mtu mmoja kijijini kwao anayekumbuka jinsi anavyocheka. Mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya ualbino, Ndugu Ikponwosa Ero, alizuru Tanzania mwaka 2017, na moja ya mambo aliyoyasisitiza ni kuwarudisha watoto wa vituo vya namna hii katika familia zao. Kurudi kwao kutawezekana wapi, kama kijiji walichokimbia hakijabadilika? Urafiki wa Alias na Salum unapendeza kutazama, lakini ni urafiki wa wawindwa wawili. Filamu haina mahali ambapo mtoto asiye na ualbino anajifunza kuwa rafiki yao tangu utotoni, na sidhani kwamba mwongozaji alisahau. Nadhani hakupaona.

Sasa nafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, filamu inashindwa.

Tujiulize: kwa nini Kanda ya Ziwa? Ualbino uko nchi nzima, na waganga wako nchi nzima. Mwaka 2010 watafiti watatu, Deborah Fahy Bryceson na wenzake, waliandika kwamba mauaji haya yanafungamana na machimbo madogo ya dhahabu na hofu ya wachimbaji juu ya bahati yao. Anayeishi Maganzo hahitaji kusoma makala yao ili aelewe. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na Dk. John Williamson mwaka 1940. Tangu wakati huo kumekuwa na uzio. Ndani ya uzio kuna jiolojia: ramani, vipimo, mitambo, watu wanaojua kwa hesabu kila tani ya udongo itatoa nini. Nje ya uzio kuna mtu mwenye sururu, chekecheke na changarawe. Anaweza kuchimba miezi sita asipate kitu, na jirani yake wa hatua kumi akapata jiwe siku ya tatu. Katika machimbo ya dhahabu ya Geita hali ni hiyohiyo: duara hili linatema, lile limekauka, na hakuna anayekuambia kwa nini.

Pale ambapo elimu ya mwamba imefungiwa upande mmoja wa uzio, upande wa pili patauzwa bahati. Hilo si suala la ujinga wa Msukuma wala la giza la Afrika, kama baadhi ya waandishi wa nje wanavyopenda kulieleza. Mchimbaji ni mtu mwenye akili anayejaribu kueleza jambo ambalo amenyimwa nyenzo za kulieleza. Mganga humpa maelezo. Na kama maelezo ya kwanza hayakufanya kazi, mganga ana maelezo ya pili, ya bei kubwa zaidi.

Lakini mchimbaji wa kawaida anadaiwa unga dukani. Anapata wapi fedha za kununua kiungo cha binadamu? Bei zimetajwa katika ripoti za mashirika ya nje kwa maelfu mengi ya dola. Sizirudii hapa, kwa sababu naamini kutangaza bei ni kutangaza biashara, na naona waliozitangaza, kwa nia njema, wamewafundisha vijana wengi wasio na kazi kitu ambacho hawakukijua. Bei hizo ziwe za kweli au za uvumi, maana yake ni moja: mnunuzi si maskini.

Ni katika darasa letu swali hili lilipoulizwa, na aliyeuliza hakuwa mimi. Alikuwa mchimbaji wa makamo, mtu asiyesema sana. Baada ya wengine kubishana kwa nusu saa alisema: "Nimewaona wenye mapanga. Mbona tajiri sikumwona?"

Hapo ndipo udhaifu wa White Shadow ulipo. Imewachora vizuri wanaowindwa. Imewachora wanaowinda kuwa vijana wa mitaani wenye njaa. Hata Kosmos, kwa mali zake zinazoyeyuka na biashara zake zisizoinuka, ni picha ya kweli ya mtu mdogo anayekimbizana na bahati, na Gayo amemcheza bila kumfanya shetani wala malaika. Lakini anayelipa hajajengwa kuwa mhusika. Soko lipo, wachuuzi wapo, bidhaa ipo, mteja hayupo. Mtazamaji wa Venice anaondoka akiamini kwamba maskini wa Afrika wanakatana wao kwa wao kwa sababu ya giza la usiku. Filamu iliyo na ujasiri wa kutuonyesha mauaji imekosa ujasiri wa kutuonyesha mezani panapohesabiwa fedha.

Na kwa mganga pia imetosheka na sura ya kutisha. Tofauti ya mganga anayetibu na mpiga ramli anayechonganisha ni muhimu kwa kada, maana mkulima anaijua na akiona sisi hatuijui hatatusikiliza. Wakati Shirika la Filamu Tanzania lilipokuwa hai, iliwezekana kutengeneza filamu kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ambamo mwanamke aliyezunguka hospitali bila kupona anashinda hofu yake ya mganga na kupata nafuu. Si lazima tukubaliane na kila kitu katika filamu ile fupi. Lakini inamtazama mganga kama mtu mwenye kazi katika jamii yake, na kwa hiyo inaweza kumhukumu. Anayechorwa kama jini hahukumiwi. Anaogopwa tu, na kuogopwa ndiko kunakomletea wateja.

Wiki mbili baadaye nililionyesha darasa filamu nyingine, In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland, ya mwaka 2012. Hii si ya kubuni. Ilipigwa kwa muda wa miaka sita, na inamfuata Ndugu Josephat Torner, mwanaharakati mwenye ualbino, pamoja na kijana mmoja wa kisiwa cha Ukerewe ambaye masomo yake yalikatishwa na manyanyaso ya wenzake na ambaye hakuacha kutaka kusoma. Kwa ufundi ni filamu ya kawaida kuliko ya Deshe. Haina ule moto wa picha. Lakini kuna kitu kimoja inachokifanya ambacho ile nyingine haikukifanya: Torner anakwenda katika vijiji ambako watu kama yeye wameuawa, anasimama mbele ya watu ambao baadhi yao huenda wanawajua wauaji, na anawauliza ana kwa ana. Haulizi kwa niaba ya mtu. Anajiuliza mwenyewe kama wao wangemuua.

Urafiki wa Torner na kijana wa Ukerewe una umri ndani yake, ni wa kaka na mdogo wake. Si sawasawa na wa Alias na Salum. Yule mkubwa amepitia njia, anamwambia mdogo wapi pana mashimo. Hamwahidi kwamba dunia itakuwa nzuri. Kuna wanadarasa waliosema urafiki huu ni bora kuliko ule wa kwanza kwa sababu una mwelekeo wa mapambano. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mtoto ana haki ya rafiki wa kuchezea tu, asiye na mwelekeo wowote, na tukianza kudai kwamba walemavu wawe na urafiki wenye manufaa ya kitaifa tutakuwa tumewarudisha kwenye jukwaa langu lile lenye jua. Tulibishana hapo hadi giza likaingia.

Kisha yule mchimbaji aliomba tena nafasi. Alisema Torner amefanya vizuri kuuliza vijijini, ila na sisi tuulizane hapa. Akasema kila uchaguzi unapokaribia watu hununua kufuli mpya za milango ya watoto wao wenye ualbino, na jambo hilo halifanywi kwa kuogopa wachimbaji. Akasema kuna waheshimiwa ambao magari yao yanajulikana yanalala wapi usiku wa kuamkia kura za maoni. Hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba kama Chama kinataka kumjua mteja ambaye filamu imemficha, kianze kwa kuuliza kila mgombea wa Chama, kuanzia shina hadi juu, swali moja: umekwenda kwa mganga kutafuta kiti hiki, na alikuambia ulete nini?

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alikohoa. Katibu wa tawi, yuleyule wa siku ya kwanza, ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu. Aliinua kalamu, akanitazama, akauliza kama hilo nalo liandikwe.

Nilimwambia aliandike kama lilivyosemwa.